Kizazi

Vakho ana mwaka na miezi minne.
Mfuko wake mtupu,
kama soksi iliyoanikwa juu ya jiko
nyumbani kwetu Vani.

Mama mkwe anazo sababu, anazipanga mezani kwa punje za mahindi:
Natela alipanda ngazi kuchuma zabibu, mimba ya miezi saba;
alikalia jiwe baridi uani mwa kanisa;
jirani alimsifu mtoto bila kutema mate.

Yangu ni moja, siisemi.
Mrututu.
Niliunyunyizia mizabibu tangu alfajiri,
na kwa mikono ile ile, buluu mpaka kwenye kucha,
nikamshika mke wangu tumbo.

Kutaisi, daktari Tsiala Kobalia aliahidi nusu saa.
"Zimekwama kinenani. Nitazishusha."
Nusu saa ikazaa saa tatu.
Natela alihesabu vigae vya sakafu, akakosea, akaanza upya.

Daktari akatoka, barakoa shingoni,
akachora nyuma ya risiti yetu ya maegesho:
korodani mbili, zote upande wa kushoto,
zimekishikilia kitu kidogo chenye umbo la pea.
"Hiki," akasema, "ni kizazi."

Nikamwomba arudie.

"Nyumba ya mtoto. Ndani ya mwanao."

Kila mimba, akasema, huanza na ramani mbili.
Kwa mvulana hutumwa mjumbe aifute moja.
Mjumbe wa Vakho alifika, akabisha hodi, akabisha tena;
mlango ulikuwa kiziwi.
Herufi moja imekosewa,
mara moja kwangu, mara moja kwa Natela,
na sisi wawili wazima, hatukujua.

Basi si ngazi. Si jiwe.
Nikaitazama mikono yangu. Si mrututu.
Nililia pale pale, mbele ya mashine ya kahawa.

Hakukitoa. Njia ya mbegu imepita ukutani mwake;
ukibomoa nyumba, unakata bomba.
Alizilegeza korodani, akazishusha taratibu,
akazishonea mahali pake. Kizazi kitachunguzwa kila mwaka.

Jioni baba akapiga simu kutoka shambani,
upepo umejaa kwenye kipokezi.
Hakuuliza kuhusu uchungu, wala nyuzi.
"Niambie tu, Otia. Kizazi kipo?"

Natela, kichwa begani mwangu, alisikia.
Akaanza kutikisika. Nilidhani analia.

"Kipo, baba," nikasema.
"Kipo. Daktari amekiona kwa macho yake."