Maji ya Tatu

Nkuhungu, chumba cha nne kutoka getini.
Maji hutoka Jumanne, na Ijumaa yakipenda.
Mimi ni wa Tukuyu. Kwetu mvua ni jirani
asiyepiga hodi; huingia na matope yake
mpaka ukamchoka.
Nilikuja Dodoma na wizara, juu ya lori la mafaili,
na mkono mwepesi wa kumwaga.

Siku ya kwanza nilimwaga karai la kunawia
uani, shwaa, nikageuka.
Sauti nyuma yangu: "Ayaa! Ya ngapi hayo?"
Ya ngapi nini, mama?
"Maji. Ni ya ngapi?"
Sikujua kuwa maji huhesabiwa.

Sechelela Ndahani, muuza karanga,
wa chumba kinachotazamana na choo,
aliyahesabu kama mtu ahesabuvyo wajukuu.
Ya kwanza huosha mchele.
Ya pili ni yale yale, na weupe wake, huosha vikombe.
Ya tatu hayana tena kazi jikoni,
basi huenda kwa mzambarau.

Sufuria alizisugua kwa jivu na kipande cha gunia,
akidai mti haulambi povu.
Sikubishana. Mti wenyewe ulikuwa kijiti
kisichofika gotini, na mbuzi wa mwenye nyumba
walikwisha kuuonja mara mbili.
Aliuzungushia miiba ya mgunga
na ndala moja iliyokatika, sijui ya nini.
Kila jioni aliuamkia: "Mbukwa!"
akasubiri kidogo, kama anayejibiwa.

Niseme kweli: niliona ni uchoyo.
Mtu mzima anabeba kikombe cha maji machafu
kwa mikono miwili,
kana kwamba kina mtoto mgonjwa.

Kisha ukaja mwezi wa kumi.
Upepo ukazoa udongo wa mji mzima
ukautandika kitandani mwangu.
Jumanne ikapita kavu, Ijumaa ikapita kavu,
bomba likakohoa, likatema mdudu.
Dumu likawa mia tano, likawa mia saba,
tena kwa kujuana.

Asubuhi moja nimenawa uso,
nimesimama na karai,
mkono ukakataa.
Hakuna aliyenisemesha. Sechelela hata hakuwepo,
alikuwa stendi na sinia lake.
Nikazunguka miiba, nikainama.
Udongo ulikunywa kwa mlio,
tsss,
kama jembe jekundu likizamishwa na mhunzi.

Sikuokoa nchi. Lita moja na nusu, labda.
Kijiti kilikaa vilevile, bila asante.
Kesho yake nikarudi.
Masinga, fundi simu, akaniona, akacheka,
wiki ya pili akaja na kopo la kusukutulia.
Lechipya wa chuo alileta maji ya sabuni
akarudishwa nayo mlangoni kama mdaiwa.
Mwenye nyumba hakuleta kitu.
Ila aliwafunga mbuzi, siku mbili tatu.

Desemba nilikwenda kwetu likizo.
Mvua ya Tukuyu, ile ile, usiku kucha juu ya bati,
asubuhi bado inaendelea na hadithi yake.
Nimemaliza kunawa, nimesimama barazani
na beseni, natafuta pa kulipeleka.
Mama akacheka mpaka akashika kiuno:
"Mwanangu, unamtunzia nani maji hapa?
Hata vyura wameshiba."

Nikatazama mbingu, nikatazama beseni.
Nikatoka nalo hivyo hivyo, nikalowa mpaka mfupani,
nikalimimina shinani mwa mgomba, taratibu,
mgomba ambao haukuwa na haja nalo.
Mkono haukujua kuwa umevuka mikoa.

Jioni simu ikaita. Sechelela,
anayeongea haraka kwa kuogopa salio:
"Wewe! Mvua imegusa huku.
Umetoa majani mawili mapya.
Usimwambie mtu,
mbuzi hawajajua."