Tundu la Milimita Moja

Võru, Januari, nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri.
Heino ameiingiza Volvo yake kwa kuisukuma,
akaufunga mlango wa gereji kwa mgongo,
akasema: "Urmas, inavuta sigara tena."

Turbo ya tatu hii tangu theluji ya kwanza.

Ya kwanza niliiua kwa njaa.
Niliilisha kwa mrija wa milimita mbili, mrefu,
nikaupitisha kando ya ekzosi, panapotokota,
kwa sababu hapo ulikaa nadhifu.
Ilikuwa turbo ya bushi, mnywaji:
shafti yake haigusi chuma, inaelea juu ya oili,
na oili ya asubuhi ile ilikuwa asali ya mwaka juzi.
Ikapiga yowe moja barabara ya Väimela.
Nilipoifungua, shafti ilikuwa buluu
kama midomo ya mtu aliyekosa pumzi.

Ya pili ilimeza nati.
Hiyo ni dhambi ya Heino, tuiache.

Hii ya tatu ni ya gololi, kutoka Japani,
ameuza pikipiki kuinunua.
Nikaapa: hii haifi kwa kiu.
Nikaipa mrija wa milimita sita, wazi kooni,
maana Kalju aliyenifunza kazi alikuwa akisema
oili nyingi haijamuua mtu.
Kalju, Mungu amrehemu, hakuwahi kushika turbo ya gololi.
Gololi hazitaki kuogelea. Zinataka kulowa tu.
Chumba kikajaa, oili ikatafuta pa kutokea,
ikazipita sili, ikaungulia ndani ya ekzosi,
na mtaa mzima wa Heino ukafunga madirisha.

Usiku ule zamu ya chupa ilikuwa yangu.
Pärtel ana wiki saba na hasira za mzee.
Chuchu ya chupa ilikuwa na tundu dogo:
alinyonya, akanyonya, akawa mwekundu, akaiachia, akalia.
Nikafanya kifundi. Nikapasha sindano kwenye jiko,
nikalipanua tundu.
Maziwa yakamtokea puani.
Akakohoa hadi miguu ikajikunja,
na mimi nikasimama na chupa mkononi
kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi.

Leida, mama mkwe, akatoka chumbani na soksi za sufu,
hakunitukana. Akavalisha chuchu nyingine,
akaigeuza chupa juu chini mbele ya taa.
Tone. Akangoja. Tone.
"Hivi," akasema. "Apate nafasi ya kumeza."

Sikulala tena. Alfajiri nilikuwa gereji,
nimebana kipande cha shaba kwenye jiliwa,
na keekee nyembamba kama pini, iliyovunjika mara mbili
kabla ya kutokea upande wa pili.
Milimita moja. Ukiliinulia taa unaona nyota.
Nikalikaza mdomoni mwa turbo, nikaacha mrija uleule.

Halafu nikalala chali chini ya gari
na kuona aibu yangu ya pili:
mpira wa kurudishia oili nimeupinda mkia wa nguruwe.
Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.
Kupanda, oili inasukumwa na pampu;
kushuka haina msaidizi ila uzito wake,
nayo hushuka imechoka, ina povu, inataka njia pana.
Nikaweka bomba nene kama kidole gumba changu,
limenyooka, hadi tumboni mwa injini.

Heino amekuja na termosi ya kahawa.
Nachomoa nyaya za plagi, nazungusha injini bila moto,
nahesabu. Kumi. Kumi na tano.
Kwenye geji mshale unainuka taratibu,
kama mtu anayeamshwa Jumapili.
Narudisha nyaya. Inawaka.

Moshi mweupe unatuzunguka
na Heino anashika kichwa.

"Ni pumzi zetu," namwambia.
"Nadhani. Funga mdomo kidogo, tuone."