Alama ya Msuko

Kazi yangu ilikuwa reki.
Miaka thelathini na mmoja katika uwanja wa Braila,
upepo wa Danubi ukinipiga ubavuni,
nilifuta walichoandika wengine.
Mtu anaruka, anaondoka akijipangusa makalio,
nami naingia na meno yangu ya chuma
kuulaza mchanga kama kitanda cha mgeni.

Smaranda Vlaicu nilimjua kwa kisigino kabla ya sura.
Alikuja ana miaka kumi na mitatu, raba za kaka yake,
vidoleni kashindilia magazeti,
binti wa mpakia magunia wa kiwanda cha sukari.
Mbio zake mbovu, mikono kama anafukuza nyuki.
Lakini ubao!
Wengine huugonga kama wanabisha hodi.
Yeye aliugonga kama mwenye nyumba.

Mita tano na sentimita kumi na mbili.
Kocha Dumitrache akapima tena, akidhani tepu imejikunja.

Medali sizihesabu. Zimo katika kabati la kioo pale mlangoni,
na vumbi lake limo.
Nasema ninayoyajua mimi:
kwamba alihesabu hatua kwa kunong'ona, zote kumi na tisa,
na ya kumi na saba hakuitaja kamwe;
kwamba mchanga ulipoganda kwa baridi
tuliupasua kwa sururu, yeye na mimi,
akaruka hivyo hivyo, akatoka magoti yanavuja damu, anacheka;
kwamba mwaka aliochanika msuli wa paja
alikuja kila Jumanne kukalia ndoo yangu,
hasemi, anatazama wenzake
kama mwenye njaa dirishani pa mwoka mikate.

Halafu ile siku. Mwezi wa saba, mashindano ya taifa,
nafasi moja tu ya kwenda ng'ambo.
Mruko wa sita, wa mwisho.
Aliruka. Au niseme ardhi ilimsahau kidogo.
Visigino vikatua mahali
ambapo reki yangu haikuwahi kupata kazi.
Bendera nyeupe. Jukwaa zima limesimama.
Mwamuzi akainama na pini yake.

Nami nikaona.
Nyuma, kama shubiri moja na nusu, mstari mwembamba:
msuko wake, ule wenye utepe wa buluu,
ulikuwa umelamba mchanga alipoegemea.
Na mchanga haujali ulikofika.
Hukupimia alama iliyo karibu zaidi na ulikotoka.

Ningeweza kukohoa. Ningeweza kuburuta reki.
Nikamgusa mwamuzi bega, nikaonyesha.

Alikosa kwa sentimita nne.
Akaenda msichana wa Kluj, nywele fupi kama mvulana.

Smaranda hakunitukana. Afadhali angetukana.
Aliniangalia, akaiangalia reki, akavua viatu vya misumari.
Wiki iliyofuata alikuja kanyoa.

Ubingwa ulikuja baadaye, mara tatu,
katika miji ambayo ulimi wangu haiwezi.
Wanasema hasira ndiyo iliyombeba.
Sijui. Hasira nimeziona nyingi;
nyingi huishia kabla ya ubao.

Jana amekuja. Miaka hamsini na minane, goti la chuma,
nywele zimerudi, nyeupe, kazisuka.
Mimi nimestaafu, ila funguo walisahau kunidai.
"Nipe hiyo reki."
Akatandaza mchanga taratibu, vibaya,
akiacha matuta kila pembe.
Kisha, mgongo kanipa:
"Niliuhisi msuko ukigusa. Nilijua kabla yako.
Nilikuwa nasubiri kuona kama utanyamaza,
maana mimi nilikuwa nimeshanyamaza."

Nilitafuta neno. Nikaokota kijiti mchangani, nikakivunja.

Akaniegemezea reki begani,
akaondoka akikatiza katikati ya shimo, makusudi,
mguu mzima ukizama, ule wa chuma ukiburuta.

Zile nyayo sikuzifuta.
Mvua ikitaka, ifute yenyewe.