Sita, Nne, Sifuri

Maktaba ya Daugavpils hufungwa saa moja jioni.
Mimi ndipo ninapoanza,
chini ghalani, kati ya bomba la maji moto
na seva aliyoinunua Vilhelms kabla hajastaafu,
ile inayokohoa kila theluji inapozidi.

Ombi lilikuwa dogo: watu wabadilishe nywila zao wenyewe,
wasinijie tena na vikaratasi,
wasibandike siri chini ya kibodi
kama afichaye ufunguo chini ya zulia la mlangoni
na kumwambia mwizi, karibu.
Iko programu-jalizi ya kazi hiyo. Kilobaiti chache tu.
Naipakua. Nalinganisha alama ya kidole chake,
herufi kwa herufi, na ile aliyoitoa mtengenezaji,
maana mgeni huulizwa jina kabla ya kupewa kiti.

Naiweka kwenye folda yake. Nalitia jina lake katika orodha
ya zile zinazoamka pamoja na barua pepe.
Kisha kazi yenyewe, ile isiyoshukuriwa na mtu:
faili la mipangilio, lenye ufunguo wa hifadhidata,
limekuja wazi, kila apitaye asome.
Nalivika tarakimu tatu.
Sita kwa mwenyewe: asome, aandike.
Nne kwa kundi lake: wasome, basi.
Sifuri kwa walimwengu.

Na folda ya kisakinishi. Vilhelms, Vilhelms!
Miaka tisa umeiacha hapo,
kama fundi aliyemaliza paa akasahau ngazi.
Naifuta. Nahakikisha imefutika. Nakunywa chai iliyopoa.

Saa nne na robo, mtu anaijaribu kabla sijatangaza.
Ni Veldze wa vitabu vya watoto, yuko kwake, hajalala.
Nafurahi. Nafungua kumbukumbu nione kama imemwitikia vyema,
na pale, kwenye mstari wa mwisho,
nywila yake mpya imelala uchi.

Aliyeitengeneza alikuwa akiwinda kosa lake,
akaiamuru iandike kila inachosikia,
akasahau kuinyamazisha.
Nami milango yote nilikagua. Mdomo sikuukagua.

Ni jina, na neno la kuomba, na mwaka.

Nimefanya kazi na Veldze miaka kumi na saba.
Najua hatii sukari, nalijua goti lake la kushoto,
najua sauti anayomsomea dubu
na ile anayomsomea mbweha.
Jina hilo sikuwahi kulisikia.

Mikono ilijua la kufanya.
Palipoandikwa ndiyo, nikaandika hapana.
Mstari nikaufuta, na nakala yake,
na chelezo ya saa nne na nusu.
Nikamwandikia: tafadhali badilisha tena, kosa ni langu.
Sikuandika kosa gani.

Siri ya mtungi aijuaye kata, ndivyo husemwa.
Hakuna asemaye kata hulalaje.

Asubuhi, kalenda ya ukutani ilionyesha siku ya jina lake.
Alileta kliņģeris, zabibu kavu tele,
akanikatia kipande kikubwa kuliko cha mkurugenzi.
"Nimebadilisha," akasema. "Mara mbili. Ile ya kwanza niliipenda."
Nikasema, ndiyo.
Nikatafuna, nikatafuna.
Nje tramu ilipita imejaa makoti,
kengele yake ikazibwa na theluji.

Sasa nabeba faili lisilofutika kwa amri yoyote niijuayo.
Nimelipangia ruhusa zake.
Sita ni ya Veldze.
Nne ni yangu: nimesoma, nisiguse.
Na wewe uliyefika hapa,
usiurudie ule mstari mfupi
ukidhani nimeacha kitu wazi.
Sifuri.