Hesabu za Mweka Hazina

Mwaniuliza elfu sita na mia mbili zimekwenda wapi.
Kaeni kitako. Hesabu ninayo,
ila haimo kwenye risiti. Imo kinywani.

Tuliondoka Mokowe alfajiri, kumi na tisa juu ya kanta
ya muuza saruji, vumbi likitupaka nyusi
hata Twaha mlinda lango akafanana na babu yake.
Hindi tulipita. Mahamri yalikuwapo, ya jana.
Lali Famau aliyabonyeza kwa kidole, akasema,
"Hili ni mto wa kulalia," akarudi garini.

Mwamjua Lali. Goti lake lilikwisha zamani,
lakini timu haiendi ugenini bila yeye.
Dereva hutazama barabara, Lali hutazama moshi.
Moshi mwembamba, wa buluu: kuni kavu, mpishi mtulivu.
Moshi mweusi: kuna kitu hawataki ukijue.
Palipochorwa kuku ukutani, kuku yuko ukutani.
Mwenye hoteli akila kwa jirani, mfuate kwa jirani.
Mpishi mwembamba si neno,
paka mwembamba ndiye shahidi.

Witu askari walituteremsha, vitambulisho mkononi.
Sisi kimya, tunameza mate.
Lali akamwuliza mkubwa wao: "Wewe asubuhi hula wapi?"
Yule bwana akasahau kukagua.
Akatuonyesha kwa kidevu, nyuma ya kinu cha unga:
mbaazi zilizolewa tui, chapati zenye tabaka
kama kurasa za chuo kilichosomwa sana.
Mia tisa na hamsini. Andikeni.

Minjila ni kosa langu.
Niliona vitambaa vya meza, maua ya plastiki,
nikaona haya kwenda mechini kama watu wa kula vichochoroni.
Pilau baridi. Nyama iliyokwisha kucheza
mechi zake zote, ikastaafu.
Lali hakuingia, alikaa kivulini mwa gari akitafuna muwa,
wala hakunisema, na hilo ndilo lililoniuma.
Elfu mbili na mia nne. Nikateni mimi.

Garsen hatukuwa na nia ya kusimama,
lakini moshi ulikuwa wa buluu.
Mama mmoja, Hadhuo, akikaanga kambare wa mtoni,
ndizi mbichi pembeni, pilipili ya kusaga kwa jiwe.
Nikafunga mkoba. Nikasema pesa zilizobaki ni za Malindi.
Akatucheka. "Kuleni. Kwani hamrudi?"
Deni, mia saba.

Malindi, basi. Uwanja ulikuwa mkavu, watu tele,
hadi mapumziko tumeshafungwa matatu.
Nyuma ya goli la kaskazini, Kadzo anageuza mishkaki,
mafuta yanadondoka, makaa yanajibu.
Lali akanituma: "Kaangalie kama ana ndimu."
Hakuwa nazo. Katuma mtoto.
Nami nikasimama, mgongo kwa mpira, uso kwa moshi,
namngoja mtoto wa ndimu,
ndipo uwanja ukapasuka.

Lilikuwa letu. Bao letu la pekee.
Sikuliona.

Mishkaki ya watu wote, elfu mbili mia nane na kumi.
Wakaongeza la nne, tukapanda gari.
Njiani kila mtu akanisimulia:
la kichwa, la kisigino, la kona, la mkwaju wa mbali.
Kufika Gongoni lilikuwa limefungwa na watu watano.
Halafu wakachoka, giza likaingia, kanta ikaunguruma peke yake.
Twaha, aliyefungwa manne, akauliza polepole:
"Ile nyama, alitia papai?"
Nikamwambia. Papai bichi, tangawizi,
na ndimu, zilipofika.
Wakasogea wote. Nikaanza upya, tangu makaa.

Imebaki arubaini, hii hapa mezani.
Na deni la Garsen.
Mwasema tulitume kwa simu.
Lali asema deni la chakula halitumwi,
hupelekwa na matumbo yaliyolikopa:
kumi na tisa, juu ya kanta,
"na twendeni," asema, "na ndaa."