Kopo la Rangi Nyekundu

Katika sanduku la shangazi Makvala tulikuta
daftari kumi na saba, kamba ya katani ngumu kama mzizi,
na kopo la rangi nyekundu, kifuniko kimeng'ang'ania.
Hakuna pete. Hakuna barua ya mtu.
Mama akauliza, "Ndiyo haya tu?"

Ndiyo hayo tu.

Mwaka wa thelathini na nne wanaume wa msafara
walimkabidhi sufuria: wewe baki kambini na supu.
Supu akaiinjika. Ikachemka, ikaungua,
maana mpishi alikuwa kwenye ukingo wa Lakhtari
na kipimahewa kifuani, amekifunga
kwa mikanda ya susu alimolala utotoni.
Wao ukungu uliwarudisha.
Walimkuta anakwangua sufuria.
"Ramani yenu imekosea kwa mita tisini," aliwaambia.
"Na chumvi imekwisha."

Tbilisi, chuoni, waliirudisha ripoti yake
na swali moja la penseli pembeni: nani alikupimia?
Hakuandika jibu. Aliwatumia kiatu chake cha kushoto,
ncha imejazwa sufu
pale vilipokuwa vidole viwili.

Kila Septemba alikwenda kwenye mguu wa mto wa barafu,
akachora mstari juu ya mwamba, akaandika mwaka.
Kijijini, chini ya minara ya mawe, walicheka:
binti wa Gulbani ameolewa na barafu.
"Basi mume wangu anakonda," alisema,
"na hamna hata mmoja aliyeuliza anaumwa nini."

Sikuwahi kumpenda sana. Niseme kweli.
Alinuka mafuta ya taa, alinisahihisha hesabu mezani
mbele ya wageni.

Agosti hii nimepanda na kopo lake.
Mstari wa kwanza uko katikati ya vichaka.
Nikaenda kutoka mwaka hadi mwaka
kama mtu apandaye ngazi iliyolazwa chini:
hamsini na mbili, hamsini na tisa, sabini na moja,
hapo mkono wake umeanza kutetemeka,
kisha mawe matupu, saa nzima ya mawe,
na barafu yenyewe juu kule, kijivu, ndogo,
kama shuka lililosahauliwa kwenye kamba.

Nikalifungua kopo kwa kisu.
Chini ya utando mgumu
rangi ilikuwa bado mbichi.
Nikauandika mwaka. Tarakimu ya mwisho imepinda.
Angenisahihisha.