Hati ya Siwatu

Imekunjwa mara nne, imelala kwenye mkebe wa majani ya chai
pamoja na vifungo, na jino la mtoto.
Panya amekula pembe moja; mhuri ameuacha.
Nasoma: Siwatu, mwanamke, hana deni, yu huru.
Jina hilo alipewa sokoni.
Mama yake alimwita Nyabwire, maana alizaliwa usiku.

Chini yake, wino uliopauka:
Aondoke Mwanza kabla ya mwezi kuandama.
Asionekane tena upande huu wa maji.

Feruzi bado alihesabiwa pamoja na mbuzi wa tajiri.
Na Kabula, mtoto wa mvua, aliutangulia mhuri kwa miezi miwili.
Karani alieleza polepole, kama anayefundisha hesabu:
mama huru, baba bado,
mtoto ni wa zamani.
Bibi akasema, basi nirudishie utumwa wangu,
nitalala palepale jikoni.
Karani akacheka hadi akafuta miwani.
Hakuna hati ya namna hiyo, mama.

Akavuka hadi Kamanga, nauli shanga za kiunoni.
Akapanda mihogo karibu na maji
kadiri mamba walivyoruhusu.
Ng'ambo, kila usiku wa gulio, Feruzi aliwasha moto juu ya jiwe.
Moto mmoja: mtoto mzima.
Miwili: anaumwa.
Hawakujua kusoma, wakasomana hivyo.

Masika moja ikawa miwili,
gulio baada ya gulio.
Kisha giza.
Na giza lina maana nyingi mno:
wameuzwa, wamezikwa,
au kuni tu zimelowa.
Bibi aliwasha wake miaka kumi na mmoja.
Mume wa pili, ambaye mimi ni uzao wake,
alimkatia kuni bila kuuliza.

Jana nilivuka kwa kivuko, na kreti tupu za soda.
Nusu saa.
Mkaguzi alitazama tiketi, uso hakuutazama.
Niliyakodolea mawe ya mjini, nikitafuta lenye masizi;
yote yana weusi juu,
ndege wamekaa.

Gatini nilimwuliza muuza dagaa jina lake.
Kabula, akasema.
Mwanza hii ina Kabula kila mlango, najua.
Nikanunua sado nzima.
Nyumbani tunazo.